Kiwanja kimoja, wenyewe wawili: majibu ya barua zenu za ardhi

Barua za safari hii zimetoka Dar es Salaam: Goba, Bunju, Kijitonyama, Tabata, Mbagala, Kinyerezi, Kigamboni na Mbezi. Tumezifupisha na kuondoa majina. Wengi walioandika wana haki zao, lakini karatasi waliyoshika haisemi walichonunua, au wamegonga mlango usio wao huku miaka inakwenda. Kwa hiyo mtatuona tukirudia mambo matatu hadi mchoke: karatasi gani, tarehe gani, mlango upi.

"Muuzaji ni yuleyule, karatasi mbili"

*Mwaka 2016 nilinunua kiwanja Goba, hatua 20 kwa 20, kwa shilingi milioni 9. Hakijapimwa. Tuliandikishana kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, akagonga muhuri na kuchukua asilimia 10 yake. Nimeshaweka msingi. Mwezi uliopita kaja baba mmoja na karatasi ya mwaka 2011 kutoka kwa muuzaji huyohuyo. Muuzaji simu haipatikani. Dalali ananiambia nikamfungulie huyo baba kesi ya uvamizi polisi. Nifanyeje? – Mama wa Goba*

Mama, la polisi liache kwanza. Watu wawili wanapogombea umiliki na kila mmoja ana karatasi, kesi ya kuingia kwa jinai haiendi mbali. Mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba umiliki uamuliwe kwanza kwenye shauri la madai. Utapoteza mwaka na nauli. Polisi utawahitaji kwa jambo jingine: ukigundua karatasi imeghushiwa, au kumripoti muuzaji aliyeuza mara mbili.

Sasa hiyo karatasi ya 2011. Kama ni ya kweli na pesa ililipwa, una mlima wa kupanda, kwa sababu aliyekwisha kuuza mwaka 2011 hakubaki na kitu cha kukuuzia wewe mwaka 2016. Hata ungekuwa umenunua kwa nia njema kiasi gani, umenunua kwa mtu aliyeishiwa. Ndiyo maana kazi yako ya kwanza ni kuikagua karatasi hiyo kabla ya kumkagua mwenye nayo.

Omba nakala, kisha uangalie muhuri. Mwaka 2011 Manispaa ya Ubungo haikuwepo. Goba ilikuwa Kinondoni. Karatasi ya 2011 yenye muhuri unaotaja Ubungo imetengenezwa baadaye, hakuna maelezo mengine. Angalia jina la mwenyekiti: uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika 2009, 2014, 2019 na 2024, hivyo aliyesaini 2011 awe ni yule wa 2009. Waulize majirani wa zamani nani alikuwa mwenyekiti wao wakati huo. Angalia majirani waliotajwa kwenye mipaka: kama upande wa kaskazini kaandikwa mtu aliyehamia hapo 2017, mwandishi kajisahau. Na mashahidi waliosaini wako wapi? Shahidi aliye hai na anayekumbuka ni bora kuliko mihuri mitatu.

Kisha ukague ya kwako kwa ukali uleule. "Hatua 20 kwa 20" si mita 20 kwa 20. Hatua ya mtu wa kawaida ikiwa robo tatu ya mita, eneo lako ni mita 15 kwa 15, yaani mita za mraba 225, wakati mita 20 kwa 20 ni 400. Huenda wewe na huyo baba mmeuziwa vipande viwili vinavyogusana tu, na nusu ya ugomvi ikaisha kwa futi ya mpima. Mtafuteni mpima aliyesajiliwa, mmoja, mchangie gharama, awachukulie vipimo kila mmoja anapoonyesha mipaka yake. Tumesema mmoja kwa makusudi. Kila upande ukileta wake mtakuwa na ramani mbili na ugomvi ule ule.

Kuhusu muhuri wa mwenyekiti: hakuna sheria inayompa asilimia 10 ya bei ya kiwanja chako, na muhuri wake hauhamishi umiliki. Anachoweza kukufaa ni kuwa shahidi anayemjua muuzaji na majirani. Kinachotakiwa na Sheria ya Ardhi ya 1999 ni makubaliano ya maandishi yaliyosainiwa, basi. Kwa wasomaji wengine ambao hawajanunua bado: kamlipeni wakili aandike mkataba na kushuhudia saini, na hiyo asilimia 10 ibaki mfukoni.

Jambo linalowaangusha wengi siku ya ushahidi ni ushuru wa stempu. Mkataba wa mauziano usiolipiwa ushuru haupokelewi kama kielelezo. Ni takriban asilimia 1 ya bei. Kwa milioni 9 ni kama shilingi 90,000, na ukichelewa kuna adhabu juu yake. Lipia sasa, usisubiri wakili wa upande wa pili asimame na kupinga. Na uilinde karatasi halisi. Fotokopi peke yake itakuletea maswali.

Mlango wako ni huu. Anza Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, baraza hilo haliamui tena nani mwenye ardhi, linasuluhisha tu. Likishindwa linakupa cheti cha kushindwa usuluhishi. Siku 30 zikipita bila suluhu, unaruhusiwa kwenda mbele hata bila cheti, lakini tunza nakala ya malalamiko yako yenye tarehe ya kupokelewa ili uzithibitishe hizo siku 30. Kutoka hapo ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo mamlaka yake kwenye kurejesha ardhi yanaishia thamani ya shilingi milioni 300. Juu ya hapo ni Mahakama Kuu.

Kwenye maombi yako taja majina na anwani za pande zote, chanzo cha mgogoro, thamani ya eneo, unachoomba, na eneo lenyewe kwa namna ambayo mgeni akipewa karatasi anafika. Kiwanja hakina namba, basi andika mtaa, ukubwa kwa mita, na nani yuko kaskazini, kusini, mashariki na magharibi. "Kiwanja kilichopo Goba" hakitoshi. Mashauri yanatupwa kwa hilo baada ya miaka miwili ya kuhudhuria, na mtu anaambiwa aanze upya.

Muuzaji mwunganishe kwenye shauri hata kama simu haipatikani; baraza linaweza kuruhusu aitwe kwa tangazo la gazeti. Mahakama Kuu ilishasema tangu miaka ya 1980 kwamba kwenye ugomvi wa ardhi iliyouzwa, muuzaji na mnunuzi waunganishwe pamoja. Faida kwako ni kwamba ukishindwa dhidi ya huyo baba, shauri hilohilo linaweza kumwamuru muuzaji akurudishie pesa na gharama za msingi. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, lakini palipo na udanganyifu muda unahesabiwa tangu ulipogundua, au tangu ulipopaswa kugundua. Andika tarehe aliyokuja huyo baba.

Msingi usiuendeleze. Omba zuio la muda linalowafunga nyote wawili, na kila tofali utakalopandisha sasa ni pesa unayoweka rehani kwenye hukumu usiyoijua.

Barua ya toleo ya 2005, hati ya 2018

*Nilipata kiwanja Bunju katika mradi wa viwanja 20,000. Nina barua ya toleo ya 2005 na stakabadhi zote, ila hati sikuwahi kuifuata na sikujenga. Mwaka huu nimekuta ukuta na geti. Aliyejenga ana hati miliki ya 2018. Rafiki anasema nikimbilie Baraza la Wilaya. – K., Sinza*

Kaka, usikimbilie huko. Ugomvi wako una mtu wa tatu, naye ni mamlaka iliyogawa kiwanja kimoja mara mbili, na bila yeye shauri halikamiliki. Ukimshtaki Kamishna wa Ardhi au halmashauri, unatoa kwanza notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha unafungua Mahakama Kuu na kumwunganisha Mwanasheria Mkuu. Tangu mwaka 2020 utaratibu huo unazihusu pia serikali za mitaa. Wako watu wamekaa Baraza la Wilaya miaka mitatu, wakashinda, halafu kwenye rufaa kila kitu kikafutwa kwa sababu baraza halikuwa na mamlaka.

Kuhusu haki yenyewe: mwenye hati huchukuliwa kuwa mmiliki halali mpaka ithibitishwe kwamba hati haikupatikana kihalali. Huo ndio msimamo wa Mahakama ya Rufani, na mzigo wa kuthibitisha utakuwa wako. Silaha yako ni tarehe. Toleo la 2005, yaani barua ya serikali ya kukugawia kiwanja, likikubaliwa na kulipiwa ndani ya muda uliotajwa kwenye barua, lilifanya kiwanja kisiwe wazi tena kugawiwa mwingine. Upande wa pili watajibu kwamba ulivunja masharti: kwa kawaida unatakiwa kuendeleza ndani ya miezi 36, na kodi ya pango la ardhi ilipwe kila mwaka. Ni kweli, masharti yakivunjwa miliki inaweza kufutwa. Lakini haifutiki yenyewe kama maziwa yanavyoganda. Kuna notisi kwa mmiliki, kuna nafasi ya kujieleza, na mwisho kuna uamuzi wa Rais. Swali la kumwuliza Kamishna kwa maandishi, na kudai jibu la maandishi, ni hili: miliki yangu ilifutwa lini, na notisi nilipelekewa kwa anwani ipi?

Kabla ya notisi ya siku 90, fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati ujue jina lililopo, tarehe ya usajili na kama kuna rehani. Kuna wanaoshtaki mtu aliyejenga, kumbe kwenye daftari kiwanja kimeshahamia kwa mwingine na benki ina mkono wake. Ukishajua, andikisha zuio kwa Msajili huyo ili kisiuzwe tena wakati mnavutana.

Kaka kauza nyumba ya marehemu

*Baba alifariki 2015, akaacha nyumba Kijitonyama. Hatukufungua mirathi, kaka mkubwa alikuwa anapokea kodi na kutugawia. Mwezi huu tumekuta mtu anapaka rangi, anasema kauziwa. Mimi na wadogo zangu wawili hatukusaini popote. Nikifungua kesi kama mtoto wa marehemu, nitasikilizwa? – Dada mkubwa*

Hutasikilizwa, dada, na si kwa kukuonea. Mali ya marehemu inadaiwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto, mjane, hata aliyekuwa akilipa kodi ya jengo miaka yote, akifungua shauri kwa jina lake mwenyewe anaondolewa kwa pingamizi la kwanza.

Ila kabla ya kufungua mirathi, hakikisha kwamba kweli haijafunguliwa. Nenda Kituo Jumuishi cha masuala ya familia kule Temeke, ambako mirathi ya wakazi wa Dar inashughulikiwa siku hizi kuanzia Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu, uulizie kwa jina la marehemu. Uliza pia Mahakama ya Mwanzo iliyokuwa karibu na nyumbani, maana kituo hicho kilianza 2021 na jalada linaweza kuwa la zamani. Mchezo tunaouona sana ni muhtasari wa kikao cha ukoo ambacho hakikukaa: majina ya ndugu yameorodheshwa, saini zinafanana mwandiko, na mtu kateuliwa bila wenzake kujua.

Ukikuta jalada lipo na kaka ndiye msimamizi, habari inabadilika, na hapa wengi hushtuka. Msimamizi anaweza kuuza mali ya marehemu bila kupata ridhaa ya kila mrithi. Mahakama ya Rufani imeshaamua hivyo. Asichoruhusiwa ni kula. Kwenye mirathi ya Mahakama ya Mwanzo anatakiwa awasilishe orodha ya mali na hesabu ndani ya miezi minne, isipokuwa mahakama imemwongezea. Basi unaingia kwenye jalada hilohilo, unaomba aitwe atoe hesabu, au uteuzi wake utenguliwe kwa muhtasari wa kughushi au kwa kuficha warithi. Kufungua kesi mpya ya ardhi pembeni wakati jalada la mirathi liko wazi ni kujichelewesha.

Ukikuta hakuna jalada, kaka kauza asichokuwa na mamlaka nacho, na mnunuzi hakupata kitu hata kama alilipa kwa benki na ana risiti. Fanyeni kikao cha familia cha kweli, muhtasari usainiwe na waliohudhuria, mpeleke pamoja na cheti cha kifo na orodha ya warithi na mali. Kama baba aliishi kwa kufuata mila au dini ya Kiislamu, Mahakama ya Mwanzo inahusika. La sivyo ni mahakama za juu yake. Aliyeteuliwa ndiye atakayewashtaki kaka na mnunuzi kwa pamoja. Nyumba ikiwa na hati, wekeni zuio kwa Msajili wiki hii, msisubiri uteuzi.

Na kuna saa inayogonga. Ukomo wa kudai ardhi ni miaka 12, na kwa ardhi aliyokuwa anaimiliki marehemu hadi kufa, hesabu huanza siku ya kifo. Siku ya kuteuliwa msimamizi haiisogezi. Baba alifariki 2015, hivyo mwisho wenu ni 2027. Familia zinazosema "tutafungua mirathi mama akitulia" ndizo zinazokuja kwetu mwaka wa kumi na tatu.

Mume kaweka nyumba rehani

*Nimeona tangazo la mnada wa nyumba yetu Tabata. Kumbe mume alikopa benki kwa hati iliyo na jina lake peke yake. Sikusaini. – Mke, Tabata*

Jina kwenye hati si hoja ya mwisho. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza, na Sheria ya Ndoa ya 1971 inalinda nyumba hiyo hata kama umiliki umeandikwa upande mmoja. Mkopaji anatakiwa aseme kama ana mke au mume, na benki ichukue hatua za kuridhisha kuhakikisha. Kwa hiyo kesi yako inasimama juu ya swali moja: kwenye jalada la mkopo kuna nini? Mara nyingi kuna moja kati ya haya: fomu ya ridhaa yenye saini yako iliyoghushiwa, fomu iliyosainiwa na mwanamke mwingine, au kiapo cha mume kwamba hana mke. La mwisho ndilo gumu kwako, kwa sababu benki itasema ilidanganywa na ikafanya wajibu wake. Utahitaji kuonyesha kwamba ilikuwa rahisi kujua, mfano ofisa mkopo alikuja kukagua nyumba akakukuta wewe na watoto. Mume aliyeapa uongo ametenda kosa la jinai, ila jambo hilo halisimamishi mnada.

Kinachosimamisha mnada ni zuio la mahakama au baraza, nalo liombwe kabla ya nyundo. Hesabu muda: notisi ya kushindwa kulipa ni siku 60, na tangazo la mnada wa ardhi lisipungue siku 14. Benki ikiruka mojawapo, andika kwenye maombi yako. Nyumba ikishauzwa kwa mnunuzi asiyejua lolote, mara nyingi utabaki na madai ya fidia tu, na hoja ya bei: ikiuzwa chini ya asilimia 75 ya bei ya soko, sheria inachukulia kwamba benki haikutafuta bei nzuri mpaka ithibitishe vinginevyo.

Wake na waume mnaosoma bila tangazo la mnada mlangoni: nyumba ikiwa na hati, mnaweza kuandikisha zuio la maslahi ya mwenza kwa Msajili leo. Ni nafuu kuliko kesi.

X nyekundu, X ya kijani

*Nyumba yangu iko kandokando ya barabara ya mkoa. Wamechora X nyekundu, ya jirani ni ya kijani. Tulijenga mwaka mmoja. – Mzee wa Mbagala*

Mzee wetu, rangi zina maana. Nyekundu: upo ndani ya hifadhi ya zamani, ulijenga barabara ikiwepo, hakuna fidia. Kijani: barabara imekufuata baada ya hifadhi kupanuliwa, unalipwa kabla ya kuondoka. Hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 ikaifikisha 30. Aliye kati ya 22.5 na 30, na alikuwepo kabla, ndiye wa kijani. Mwaka wa kujenga mnalingana, lakini nyumba zenu hazilingani umbali.

Chukua futi ndefu, upime kutoka katikati ya barabara, na uwe na shahidi. Angalia katikati ya barabara ya zamani ilikuwa wapi. Barabara zikipanuliwa upande mmoja, mstari wa katikati nao huhama, na hapo ndipo makosa ya X huzaliwa. Ukipata zaidi ya 22.5, andika barua kwa wakala wa barabara wa mkoa, ambatisha picha na vipimo, omba wapime upya ukiwepo. Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kwenda Kiluvya usiichukue kama mfano. Kule hifadhi ilihesabiwa mita 121.5 kila upande, na ndiyo sababu ya bomoabomoa ya 2017.

Kwa jirani wa kijani: fidia haiishii kwenye bei ya matofali. Inahusisha thamani ya soko ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, usafiri wa mizigo hadi tani 12 ndani ya kilomita 20, kodi ya pango ya miezi 36, na faida iliyopotea kama alikuwa na biashara. Asiyekuwa na mahesabu ya duka lake atapata tabu kudai hiyo ya mwisho. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita, riba inaingia. Uthamini ukifikisha miaka miwili bila malipo, umekufa, ufanywe mwingine.

Swali la pili la mzee, kuhusu kujenga upya karibu na mto: usijenge. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au bahari. Hata mwenyekiti akikugongea mihuri kumi.

Njia iliyozibwa

*Kinyerezi, tumepita njia moja tangu 2003. Jirani kajenga ukuta, anasema njia iko ndani ya kiwanja chake. Gari la majitaka haliingii. – Wakazi watatu*

Ulizeni kwanza mchoro wa mipangomiji wa eneo lenu, ofisi ya ardhi ya manispaa. Kama urasimishaji, yaani kupanga na kupima makazi yaliyojengwa bila mpango, umeshapita na mchoro una njia hapo, jirani kajenga barabarani. Manispaa ina mamlaka ya kumpa ilani na kubomoa, na barua yenu iambatane na nakala ya mchoro. Kama mchoro bado ni rasimu, mna bahati: pingamizi lipelekwe kwa kamati ya urasimishaji ya mtaa kabla haujaidhinishwa. Baada ya kuidhinishwa, kila marekebisho ni gharama na miezi. Watu wanasusia vikao vya urasimishaji wakiogopa kuchangia, halafu wanakuta njia imechorwa kwingine.

Kama hakuna mchoro kabisa na kiwanja hakina pa kutokea, Sheria ya Ardhi inaruhusu kuomba amri ya kupitia kwenye ardhi ya jirani, na kwa kawaida atalipwa kitu kwa usumbufu. Leteni picha za zamani za njia; za satelaiti za mtandaoni zina tarehe na zinaonyesha vizuri. Msivunje ukuta wenyewe usiku. Mtageuka washtakiwa.

Mlinzi wa shamba anadai ni lake

*Nina ekari mbili Kigamboni. Mwaka 2009 nilimweka kijana alinde na kulima mihogo. Sasa kajenga, anasema kakaa zaidi ya miaka 12. – Mama, Masaki*

Hiyo miaka 12 anaitaja vibaya. Anayetaka ardhi kwa kukaa muda mrefu anatakiwa aonyeshe, pamoja na mengine, kwamba aliingia bila ruhusa, kwa uwazi, bila kukatizwa, na kwa nia ya kuimiliki dhidi ya mwenyewe. Mkaribishwa hata akikaa miaka 40 ni mkaribishwa. Tatizo lako ni kuthibitisha kwamba ulimkaribisha. Kusanya miamala ya simu uliyomtumia kama mshahara, ujumbe wa kuombwa mbegu, majirani waliokuona ukimleta. Ukiwa na hata miamala ya miaka michache, umepata mahali pa kusimama.

Hatari inaanza siku alipokukatalia kuondoka, kwa sababu hapo ruhusa imekwisha na hesabu ya miaka 12 inaanza dhidi yako. Mwandikie notisi ya kuondoka, ipelekwe mbele ya shahidi, kisha uende Baraza la Kata na Baraza la Wilaya. Mabaunsa waache. Na mlinzi mwingine ukimweka, asaini karatasi ya nusu ukurasa inayosema eneo ni la nani, analinda kwa malipo gani, na hatajenga cha kudumu. Iwe inasainiwa upya kila mwaka.

LUKU

*Mimi ni mpangaji, Mbezi. Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU yangu kila mwezi tangu 2021. Je, nina haki yoyote kwenye nyumba? – Mpangaji*

Huna. Kodi ya jengo ni deni la mwenye nyumba; mita ya umeme imetumika kama njia ya kukusanya tu. Kwa nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Tunza ujumbe wa manunuzi, mkumbushe mwenye nyumba mkihuisha mkataba, akupunguzie kwenye kodi ya pango, na iandikwe ndani ya mkataba.